Darasa Lililokuwa Banda la Kuku

Nilianza darasa la kwanza ndani ya ghala la pamba. Shule ya kijijini kwetu, huko Kwimba, ilikuwa na watoto wengi kuliko vyumba, na chama cha msingi cha ushirika kilikuwa na ghala refu la matofali ya kuchoma ambalo sehemu kubwa ya mwaka lilikaa tupu. Basi sisi wadogo tukapangiwa humo. Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa tulitolewa nje, tukasomea chini ya mkwaju, na ndani kukajaa pamba hadi usawa wa kenchi. Tuliporudi, nyuzi zilikuwa zimenasa kwenye kila ufa wa ukuta, na mtoto aliyeegemea aliondoka na mgongo mweupe.

Niliionea aibu shule hiyo kwa muda mrefu. Chuoni Morogoro, wenzangu waliposimuliana walikoanzia, mimi nilianzia hadithi yangu kidato cha kwanza. Ghala sikulitaja.

Baada ya miaka sita ya kazi nilikwenda Tuskegee, Alabama, kusomea shahada ya uzamili. Kazi yangu ni majengo ya kilimo: mabanda ya kuku, mazizi, maghala ya nafaka. Wiki ya kwanza wageni tulitembezwa chuoni, na aliyetuongoza, mama wa makamo mzaliwa wa mji huohuo, alianza na majengo ambayo hayapo tena. Alitusimamisha kwenye majani, akatueleza kwamba shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 kwa ajili ya watoto wa watu waliokuwa watumwa, kwenye kibanda kibovu na kanisa la jirani yake. Muda mfupi baadaye wakapata shamba la zamani la mabwana wa watumwa, bei dola 500, nusu yake ikalipwa kwa fedha ya kukopa. Nyumba kubwa ya bwana ilikuwa imekwisha kuungua. Vilivyobaki vimesimama vilikuwa vinne: kibanda kilichokuwa chumba cha kulia chakula, jiko la zamani, zizi la farasi, na banda la kuku. Zizi likasafishwa, likawa darasa. Wanafunzi walipoongezeka, banda la kuku nalo likasafishwa, likawa darasa.

Nilishtuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katikati ya umati. Wenzangu walikuwa wamekwisha kusogea kuelekea jengo lingine. Mimi nilibaki, nikamwambia yule mama kwamba hata mimi nilisomea ghalani. Akaniangalia, akanishika mkono, akasema, "Basi umefika kwenu."

Nilirudi chumbani nikaanza kusoma, na nilichokisoma usiku ule kilihusu matofali. Booker T. Washington, mkuu wa kwanza wa shule, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa, alieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1901. Walihitaji majengo, fedha hawakuwa nazo, na mjini hapakuwa na mtu wa kuchoma matofali. Wakaamua kufyatua wenyewe. Wanafunzi walisimama kwenye shimo la udongo saa nyingi, tope hadi magotini, na baadhi yao waliichukia kazi hiyo hata wakaacha shule. Walifyatua tofali kama 25,000, wakapanga tanuru, wakawasha moto. Hazikuiva. Tanuru la pili nalo likaharibika. La tatu lilikaribia kumaliza wiki yake ya kuchomwa. Zilibaki saa chache tu, na usiku wa manane likaporomoka. Fedha ya kujaribu mara ya nne haikuwepo. Washington akaichukua saa yake ya mfukoni, akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15. Tanuru la nne likaiva. Saa haikurudi; muda wa rehani ulikwisha kabla hajapata fedha ya kuikomboa.

Nilimpigia baba simu nikamsimulia. Baba ni fundi mwashi, ameishia darasa la nne, na matanuru aliyochoma hana hata hesabu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Walikausha siku ngapi?"

"Sijui, baba."

"Basi hapo ndipo. Tofali bichi ukilipeleka motoni, maji yaliyomo ndani yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kulipasua. Moto wa siku za mwanzo si wa kuchoma, mwanangu, ni wa kukausha. Kuni unazitia kidogokidogo mpaka moshi ubadilike rangi." Akatulia tena. "Na huyo mwalimu, alishika kazi mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba shamba lilipohitaji kufyekwa, wanafunzi waliona kazi ile haiwafai, maana wengi wao walikuwa wamekwisha kufundisha vijijini na walijihesabu wasomi. Yeye alichukua shoka akatangulia porini kila siku baada ya vipindi, mpaka wakamfuata. Walifyeka kama ekari 20, wakapanda.

"Hapo sawa," alisema baba, na kwa sauti yake nikajua amempokea mtu yule kama fundi mwenzake.

Tangu siku hiyo nilitembea chuoni kama mkaguzi wa ujenzi. Nilihesabu kozi, yaani mistari ya tofali ukutani, nikatazama viungo vya udongo na saruji, nikaweka kiganja ukutani asubuhi na jioni kujua joto limekaa wapi. Ndani ya miaka 19 ya mwanzo shule ilijenga majengo 40, makubwa na madogo, na Washington aliandika kwamba yote, isipokuwa 4, yalikuwa karibu kabisa kazi ya mikono ya wanafunzi. Msimu mmoja tu wa mwisho wa kipindi hicho wanafunzi walifyatua tofali 1,200,000. Wazungu wa eneo lile, ambao wengi wao hawakuitaka shule ya watu Weusi, walianza kuja kununua, kwa sababu tofali zilikuwa nzuri na hawakuwa na pengine pa kuzipata. Ni jambo la kufikirisha: mtu asiyetaka ujifunze kusoma anakuja na mkokoteni wake mlangoni kwako, na kwa kununua tofali analazimika kuzungumza nawe kama mtu na mtu.

Michoro ya majengo mengi yale ilitoka mkononi mwa Robert Robinson Taylor, mtu Mweusi wa kwanza kuhitimu katika MIT, chuo maarufu cha teknolojia huko Marekani. Alihitimu 1892, na mwaka huohuo akaja Tuskegee. Angeweza kutafuta kazi katika miji mikubwa ya kaskazini. Alikuja kuchora mabweni, karakana na madarasa ya shule ambayo ilikuwa na umri wa miaka 11, na wajenzi wake walikuwa vijana waliokuwa bado wanajifunza kushika mwiko. Mimi nimechora majengo kwa ajili ya mafundi wazoefu na bado yakatoka yamepinda. Kuchora jengo ambalo mwanafunzi atalijenga, na akilijenga awe amejua kulijenga lingine, ni ujuzi wa namna yake, na sijui chuo kinachoufundisha leo.

Jengo la kwanza kubwa la kilimo lilizinduliwa mwishoni mwa 1897, likaitwa Slater-Armstrong. Aliyekuja kulizindua ni James Wilson, waziri wa kilimo wa Marekani, ambaye kabla ya uwaziri alikuwa mwalimu huko Iowa, na mmoja wa waliosoma huko wakati wake ni George Washington Carver. Sasa Carver ndiye aliyekuwa mkuu wa kilimo Tuskegee. Hebu fikiria siku ile: mwalimu anasafiri kwenda Alabama kufungua jengo la mwanafunzi wake, na mwanafunzi huyo alizaliwa mtumwa.

Ila kabla ya jengo kulikuwa na mwaka mzima wa taabu. Carver alifika Oktoba 1896 na hakukuta maabara. Aliwatuma wanafunzi wapite majalalani waokote chupa, mitungi iliyovunjika, taa mbovu, vipande vya waya, na kwa hivyo akatengeneza vifaa vyake. Sampuli zake za mimea na kuvu zilibaki kwenye masanduku kwa kukosa chumba cha kuzifungulia, na aliulalamikia uongozi kwa barua kwamba panya wameingia wanazitafuna. Nikiwa mtu wa maghala, hapo nilimwonea huruma kuliko mahali pengine popote. Panya nawajua. Mimi pia nimewahi kufungua ghala la mahindi nikakuta kazi ya msimu mzima imebaki pumba.

Mwaka 1909 likajengwa jengo kubwa zaidi la kilimo, Milbank, nalo mchoro wake ni wa Taylor. Carver kufikia wakati huo alikuwa ameingia kwenye ugomvi mrefu wa ndani kuhusu nani aongoze kilimo na kuhusu mabanda ya kuku ya shule. Ndiyo, kuku tena. Aliandikiwa barua kali kuhusu idadi ya kuku waliokufa na taarifa zisizolingana na vifaranga vilivyoonekana bandani. Kila aliyewahi kusimamia mradi wa kuku anaijua barua ya namna hiyo. Mwishowe alikabidhiwa idara ya utafiti, na uongozi wa kilimo ukaenda kwa mwingine. Watu humkumbuka kwa karanga na viazi vitamu. Mimi nilifarijika kusoma kwamba kuku walimshinda.

Makumbusho yake leo yamo katika jengo lililojengwa 1915 kuwa dobi la shule. Liligeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1938, miaka 5 kabla hajafariki, na 1947 likaungua moto, picha nyingi alizochora Carver zikapotea. Nililizunguka mara nyingi. Tuskegee nzima ndivyo ilivyo: zizi likawa darasa, dobi likawa makumbusho, na hakuna aliyeona aibu kusema jengo lilianza likiwa nini. Kibao kinakuambia mlangoni.

Kitu kilichobadilisha kazi yangu zaidi hakikuwa jengo hata kidogo. Mwaka 1906 Carver alichora mkokoteni wa kukokotwa na nyumbu, wenye vifaa vya kilimo, mbegu na vyombo vya maziwa, uliogharamiwa na tajiri wa New York aitwaye Morris Jesup. Thomas Monroe Campbell ndiye aliyeuendesha, akawa bwana shamba Mweusi wa kwanza kuajiriwa na serikali ya Marekani. Mkokoteni ule ulikwenda kwa wakulima waliokuwa wakilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, watu wasiokuwa na nafasi ya kuacha shamba kwenda chuoni. Shule ilifungasha ikawafuata. Miaka sita ya kazi yangu nilikuwa nimesubiri wakulima waje kwenye semina, na wasipokuja niliandika kwenye taarifa kwamba mwitikio ulikuwa mdogo.

Lakini sikumezeshwa sifa tupu huko. Kulikuwa na jioni nyingi za kubishana na wanafunzi wenzangu, Wamarekani Weusi na Waafrika. Mmoja alisema babu yake aliyesoma hapo alilalamika maisha yake yote kwamba alijifunza kupanga tofali kuliko kusoma vitabu. W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, alisema kwa ukali mwaka 1903 kwamba njia ya Washington iliwataka watu Weusi waache kwa muda kudai kura na elimu ya juu. Nami nilikuwa na la kwetu la kuongeza. Karibu na mwanzo wa 1901 watu 4 wa Tuskegee walifika Togo, koloni la Mjerumani, kufundisha kilimo cha pamba kwa ajili ya viwanda vya Ujerumani. Sisi tuliosoma habari za Maji Maji tunajua Mjerumani alivyoipata pamba yake katika upande wetu wa bara: huko Matumbi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa yalikuwa miongoni mwa yaliyowasha vita vya 1905. Kisha, 1924, tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa Kimarekani, ilipita Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) akiwa mmoja wa wajumbe, ikisifia mfano wa Tuskegee na wa Hampton, shule aliyosoma Washington. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa vijijini kwa mtindo huo. Watawala waliupenda mtindo kwa sababu zao: waliona humo njia ya kumpa Mwafrika jembe na kumnyima mengine.

Kwa hiyo tofali zile zina pande mbili, na mimi sioni sababu ya kuficha upande mmoja. Nilipokuwa shule ya msingi, tulifyatua tofali pia. Kila mtoto alikuja na dumu la maji asubuhi. Aliyechelewa aliongezewa idadi, na shamba la shule tulililima kama adhabu, si kama somo. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwa nini tofali hupasuka tanuruni. Hakuna aliyetuonyesha timazi, kamba ya kupimia ukuta usimame wima. Tofali zikajengewa nyumba, nasi tukabaki na mikono iliyochubuka bila ujuzi wowote. Tofauti kati ya shule mbili naiona hapo tu: je, aliyebeba tofali aliondoka akijua kujenga? Tuskegee wengi waliondoka wakijua. Baadhi ya vijana wa Taylor walikwenda kujenga makanisa na shule za watu wao Kusini kote.

Kabla ya Alabama nilikuwa nimesimamia banda la kuku la kikundi cha akina mama. Mfadhili alitaka likamilike haraka, tukaleta mkandarasi, tofali za saruji kutoka mjini, kenchi za chuma. Nililielekeza vizuri, kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini ili jua lisiwachome kuku, nikapiga picha, nikaondoka. Mwaka wa pili upepo uling'oa bati tatu. Hakuna aliyepanda kuzirudisha. Nilipopita nikawauliza kwa nini, na mwenyekiti wao, mama mwenye heshima zake, akanijibu taratibu, "Mwanangu, tulidhani wenyewe watakuja." Wenyewe! Kwao lile lilikuwa banda la mradi. Kosa lilikuwa langu na la wenzangu tulioandika mpango ule.

Nililikumbuka jibu hilo niliposoma habari za shule za Rosenwald. Mwaka 1912 Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, alitoa fedha kwa Tuskegee, na Washington akaomba sehemu yake ijenge shule ndogo 6 vijijini Alabama. Kufikia 1932 kulikuwa na majengo zaidi ya 5,000 katika majimbo 15. Kila kijiji kilitakiwa kichange: fedha, ardhi, mbao, siku za kazi. Michango ya watu Weusi wenyewe ilifika kama dola milioni 4.7, zaidi ya milioni 4.3 za mfuko wa tajiri. Walikuwa wakulima wa pamba wenye madeni dukani, na wako waliotenga mistari ya shamba ili pamba yake iwe ya shule. Michoro ya mwanzo ilitoka Tuskegee, na madirisha yake makubwa yalipangwa yatazame mashariki na magharibi, ili darasa lisilo na umeme lipate mwanga asubuhi na alasiri. Ni kinyume kabisa cha banda langu la kuku: mimi nililikwepa jua, wao walilikaribisha. Nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu maktaba kwa furaha ya kukutana na akili ya mtu aliyefikiri.

Niliporudi nyumbani nilimwomba baba anifuate kazini. Tulikaa na kikundi kingine cha akina mama kwa muda wa miezi minne. Baba aliwafundisha kuchagua udongo kwa kuuviringisha mkononi, kujaza kalibu bila kuacha mapengo, kugeuza tofali kivulini. Tanuru la kwanza, nusu ilitoka mbichi. Nilifadhaika kwa sababu taarifa ilikuwa inangojwa, lakini wale mama walikuwa wamekwisha kuzikagua tofali mbovu moja moja na kuulizana. Waligundua wenyewe kwamba upande ulioharibika ndio uliopangwa siku ya mvua. Tanuru la pili walilichoma bila baba. Alikuwa ameketi mbali chini ya mti, akiangalia moshi.

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini. Ghala la ushirika lipo bado, ufa mmoja umeongezeka upande wa magharibi, na kuna mazungumzo ya kulibomoa lipatikane eneo la fremu za maduka. Niliomba uongozi wa kijiji waniruhusu kulipima kwanza. Tulikwenda na baba, yeye akishika ncha ya futi kamba, mimi nikiandika. Mzee mmoja jirani alitusikia akatoka na fimbo yake, akatuambia kuwa alikuwa kijana lilipojengwa, na udongo wa tofali ulichotwa kwenye lambo ambalo leo wanalinyweshea ng'ombe. Alitaja watu saba waliofyatua, mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa vidole. Wa nne alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Baba hakuwa akijua. Aliiachia futi kamba, ikajikunja yenyewe hadi miguuni kwangu, akasogea ukutani akaanza kutazama tofali kwa karibu, kozi kwa kozi.

Vipimo bado sijamaliza. Upande wa mashariki kuna magunia ya mpunga ya mtu, na ameniambia atayatoa baada ya wiki mbili.